Sauti zilivuka Gatuna, malori yakabaki

NIBOYE, Kigali

Saa moja jioni duka la Niboye huwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Mchana haujaisha, kwani katoni bado zinashushwa na wakala wa Mobile Money bado ana foleni mlangoni. Usiku nao umeshaingia, kwani televisheni iliyotundikwa ukutani, juu ya magunia ya mchele, imepandishwa sauti. Hii ni sekta ya wilaya ya Kicukiro, yenye seli tatu: Gatare, Niboye na Nyakabanda. Jirani yake inapita barabara itokayo mzunguko wa Sonatube, inayopanda Kicukiro, kushuka kupitia Nyanza na kuvuka mto kuingia Bugesera, hadi mpaka wa Nemba. Mzigo wa Burundi ulipita huko hadi mpaka ulipofungwa Januari 2024. Wa Uganda huingilia Gatuna, upande wa kaskazini, na wa Tanzania huja kwa Rusumo. Rafu moja ya duka iliweza kubeba mipaka mitatu.

Anayeishi kwa mpaka hupima ujirani kwa vitu vinavyopita na vinavyozuiwa. Mahindi yanapita msimu huu, msimu ujao yanarudishwa. Sukari, maziwa, mayai, kila kimoja kina kesi yake. Lakini kati ya mwaka 2004 na 2019 ilikuwapo bidhaa moja iliyopita mipaka ya Afrika Mashariki bila kupandishwa mzani wala kugongwa muhuri: sauti ya kijana anayeimba kwenye televisheni, akiomba kura za watu wasio wa nchi yake.

Ilianza kwa soda. Mwaka 2004 mashindano ya Coca-Cola Popstars yalizunguka Kenya, Uganda na Tanzania kutafuta waimbaji, na kila nchi ikatoa kundi lake la watu watatu. Tanzania ilipata Wakilisha, la Witness, Langa na Shaa. Uganda ikapata Blu 3, la Cindy Sanyu, Jackie Chandiru na Lilian Mbabazi. Kenya ikapata Sema, na ndani yake alikuwamo Sanaipei Tande, jina la kulishika kwa sababu litarudi. Rwanda haikuwemo, na wakati huo haikuwa hata mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Miaka miwili baadaye ikaja bia. Tusker Project Fame, iliyoanza mwaka 2006, iliwafungia vijana wa nchi mbalimbali katika chuo cha muziki jijini Nairobi. Walifundishwa kuimba, kucheza na kusimama jukwaani, kamera zikiwafuata, na mwisho wa wiki walipanda mbele ya majaji. Ian Mbugua wa Kenya alikuwa jaji ambaye mshiriki aliomba asimtazame usoni. Juliana Kanyomozi wa Uganda alikuwa na upole zaidi, ingawa naye hakuwa wa kuhongwa kwa tabasamu. Aliyeangukia hatarini aliokolewa na simu za watazamaji.

Msimu wa kwanza alishinda Valerie Kimani wa Kenya. Mwaka 2008 akashinda Esther Nabaasa wa Uganda. Mwaka 2009 akaja kijana wa Rwanda, Alpha Rwirangira.

Hesabu isiyokubali

Hapo ndipo mfanyabiashara anapaswa kuweka kikombe chini na kupiga hesabu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu watu milioni 38.6. Ya Tanzania ya mwaka 2012 ilikuta milioni 44.9. Ya Uganda ya 2014, milioni 34.6. Rwanda, kwa sensa yake ya 2012, ilikuwa na watu milioni 10.5. Kama kila mtu angempigia kura mtu wa nchi yake, kijana wa Kigali angerudi nyumbani wiki za mwanzo. Kama kura zingehesabiwa nchi kwa nchi badala ya kichwa kwa kichwa, bado Rwanda ingekuwa na kauli moja kati ya kadhaa. Kwa hesabu zote mbili, Rwanda peke yake isingetosha.

Inawezekana kusema kwamba nchi kubwa hupeleka washiriki wawili au watatu, kura za nyumbani zikagawanyika, na mdogo akapenya katikati. Ni kweli kwa kiasi. Lakini hoja hiyo inachoka ukitazama orodha nzima. Mwaka 2010 alishinda Davis Ntare wa Uganda. Mwaka 2011 waliitwa tena nyota wa misimu iliyopita, na Alpha akawashinda hao nao. Mwaka 2012 ilikuwa zamu ya Ruth Matete wa Kenya. Na mwaka 2013, katika msimu wa mwisho, taji lilikwenda kwa Hope Irakoze wa Burundi, nchi ambayo sensa yake ya 2008 ilihesabu watu milioni 8 tu. Tanzania, yenye watu wengi kuliko wote, haikuwahi kushinda hata mara moja.

Wanyarwanda, Warundi, Waganda, Wakenya na Watanzania walikuwa wananunua kwa kura kile walichokiona kizuri, bila kujali kimetoka wapi. Hilo ndilo soko ambalo mikataba ya Arusha huliandika kwa kurasa nyingi. Inafaa kukumbuka tarehe. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya Julai 1, 2007. Zilianza kutumia Umoja wa Forodha Julai 1, 2009. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 20 mwaka huohuo, ikaanza kazi Julai 1, 2010. Wakati maofisa wa forodha wa Gatuna na Nemba wanajifunza fomu mpya, watazamaji walikuwa wameshazoea kuchagua mshindi kwa pamoja.

Kigali ina sababu yake ya kuelewa mambo haya haraka. Ni mji wa watu wengi waliorudi baada ya mwaka 1994 kutoka Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo, kila mmoja na lugha aliyokulia. Nyumba moja Niboye inaweza kuwa na baba anayehesabu kwa Kiswahili cha Tanzania, mama anayetania kwa Kiganda na watoto wanaocheka kwa Kinyarwanda. Mshiriki wa Kampala akiimba, nani hapo ni mgeni? Kiswahili chenyewe kilikuja kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, yaani miaka minane baada ya Alpha kutwaa taji.

Si kwamba kila kitu kilikuwa cha udugu. Nyimbo nyingi jukwaani zilikuwa za Kiingereza, nyingine za Marekani kabisa, na kijana aliyekulia Kifaransa au Kirundi alianza mbio akiwa nyuma ya mstari. Kura nayo ilikuwa na bei. Ujumbe wa mashindano ya aina hii hutozwa zaidi ya ujumbe wa kawaida, na pesa hiyo hugawanywa kati ya kampuni ya simu na mwenye kipindi. Aliyekuwa safarini alikuwa na shida zaidi. Wachuuzi wa wakati huo wanakumbuka kutembea na laini mbili au tatu, moja kwa kila nchi, kwa sababu kupokea simu ukiwa ng'ambo kulikukata salio kabla hujasema hujambo. Mpango wa eneo moja la mtandao, ulioondoa gharama ya kupokea simu kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, ulianza Oktoba 2014. Simu zikawa nafuu mwaka mmoja baada ya mashindano kufa.

Zawadi je? Alpha aliahidiwa shilingi milioni 5 za Kenya, ambazo kwa bei ya wakati ule zilikuwa zaidi ya dola 60,000, pamoja na mkataba wa kurekodi na Gallo, kampuni ya Afrika Kusini. Ni fedha ya kufungulia duka la jumla. Lakini tazama mkataba ulikoelekea: sauti imechaguliwa na Afrika Mashariki, karatasi inatiwa saini Johannesburg. Alpha mwenyewe baadaye alikwenda kusoma muziki katika Chuo Kikuu cha Campbellsville, Kentucky, Marekani. Hakuna wa kumlaumu. Jukwaa lilimpa jina katika nchi tano, na halikumwachia duka la kuliuzia katika hata moja.

Mwaka wa Gatuna

Baada ya 2013 palikuwa kimya. Rwanda ilikuwa na mashindano yake ya ndani, Primus Guma Guma Super Star, yaliyoanza mwaka 2011 na kumalizika 2018. Nayo yalikuwa ya bia, safari hii ya Bralirwa. Tom Close alifungua orodha ya washindi, Bruce Melodie akaifunga. Yalikuwa makubwa nyumbani, lakini hayakuvuka mpaka.

Kisha ukaingia mwaka 2019, ambao mfanyabiashara yeyote wa Kigali anaukumbuka bila kuambiwa. Mwishoni mwa Februari, Rwanda iliyafungia malori njia ya Gatuna. Maelezo ya kwanza yalikuwa ujenzi wa kituo cha pamoja cha mpakani. Kisha Kigali ikawaonya raia wake wasiende Uganda, ikidai wanakamatwa na kuteswa huko. Kampala ilikana. Malori ya mizigo ya kupita yalielekezwa Kagitumba, na biashara kati ya nchi hizi mbili ikakauka. Waliokuwa wakileta unga, sabuni na vyombo vya plastiki kutoka Kampala walitafuta njia ya Rusumo, au walibadilisha biashara, au walikaa. Waganda wa upande wa Katuna na Kabale waliokuwa wakiuza kwa Wanyarwanda nao walikaa. Mpaka ulikuja kufunguliwa Januari 31, 2022, na hata hapo taratibu, karibu miaka mitatu kamili.

Katikati ya mwaka huohuo wa 2019 kikaanza East Africa's Got Talent, kikirekodiwa Nairobi kwa ajili ya nchi nne. Majaji walipangwa kama mkutano wa mawaziri: Jeff Koinange wa Kenya, Gaetano Kagwa wa Uganda, Vanessa Mdee wa Tanzania na DJ Makeda wa Rwanda. Mwendesha kipindi alikuwa Anne Kansiime, mchekeshaji wa Uganda. Mdhamini safari hii alikuwa Safaricom, kampuni ya simu. Si waimbaji peke yao walioshindana, walikuwamo wachezaji na wanasarakasi, na kutoka Rwanda lilikwenda kundi la Intayoberana na ngoma zake.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Mtazamaji wa Niboye aliweza kumwona mtoto wa Uganda kila wiki akiimba ndani ya duka lake, lakini unga wa Uganda hakuuona kwenye rafu ya duka hilohilo. Jaji wa Rwanda na jaji wa Uganda walikaa meza moja Nairobi, wakikubaliana na kukataana kwa adabu, wakati madereva waliozoea njia ya Kampala wanauliza njia ya Rusumo. Na Oktoba, wakati kufungwa kwa Gatuna kumepita miezi saba, washindi walitangazwa: Esther na Ezekiel Mutesasira, dada na kaka wa Uganda, wote wadogo. Walipewa dola 50,000.

Wapo watakaosema kwamba hii inaonyesha muziki hauna nguvu yoyote, kwani nyimbo zote hizo hazikuinua kizuizi hata sentimita moja. Ni kweli hazikuinua. Kizuizi kiliinuliwa na mazungumzo ya wakubwa. Lakini katika miaka mitatu hiyo, mahali ambapo mtu wa Kigali na mtu wa Kampala walikutana wakifanya jambo moja kwa sheria moja palikuwa pachache sana, na studio ya Nairobi ilikuwa mojawapo. Halafu hata hapo pakafungwa. Msimu wa pili haukuja.

Nani mwenye jukwaa

Soda, bia, simu. Huo ndio mfululizo wa wenye mali, na ndio unaoeleza kwa nini kila jukwaa lilikufa. Kampuni haina kosa, ina bidhaa ya kuuza, na kijana anayeimba ni bango linalotembea. Bango likishafanya kazi yake linateremshwa. Mfanyabiashara analijua hilo kuliko mtu yeyote: aliyepewa mwavuli wenye nembo hashangai mwakani asipopewa mwingine.

Ulaya walilipanga tofauti. Mashindano yao ya nyimbo, Eurovision, yalianza Mei 24, 1956 mjini Lugano, Uswisi, kwa nchi saba, miaka 11 tu baada ya vita ambavyo baadhi ya nchi hizo zilikuwa zikiuana. Mwenye mali hakuwa kiwanda. Alikuwa umoja wa mashirika ya utangazaji ya umma. Kila shirika linachangia ada, linapeleka wimbo wake, linarusha matangazo kwake, na kwa desturi nchi inayoshinda inaandaa mwaka unaofuata. Sheria moja ndiyo inayobeba mengine: hakuna nchi inayoruhusiwa kujipigia kura. Afrika iliwahi kuonja mara moja tu, Morocco ilipoingia mwaka 1980 ikiwakilishwa na Samira Bensaïd, haikurudi tena.

Usidhani huko ni peponi. Urusi iliondolewa mwaka 2022 baada ya kuivamia Ukraine, na mwaka 2025 ikafufua mashindano yake, Intervision, yaliyofanyika Moscow Septemba 20. Alishinda Đức Phúc wa Vietnam. Na katika orodha ya walioimba usiku ule alikuwamo mwakilishi wa Kenya: Sanaipei Tande, yuleyule wa Sema ya mwaka 2004. Miaka 21 baada ya kuchaguliwa na jukwaa la Afrika Mashariki, jukwaa la nchi kwa nchi alilolipata lilikuwa Moscow. Ethiopia na Madagaska nazo zilipeleka waimbaji. Nchi za Jumuiya zenyewe hazina pa kukutania.

Zina vitu vyote vinavyotangulia. Kuna wimbo wa Jumuiya, wa Kiswahili, uliopitishwa mwaka 2010. Kuna tamasha la JAMAFEST, lililofanyika kwa mara ya kwanza hapahapa Kigali Februari 2013, kisha Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Bujumbura. Lakini hilo ni onyesho la vikundi na mabanda ya kazi za mikono, mtazamaji wa nyumbani hana kura. Kuna mashirika ya utangazaji ya umma katika kila nchi mwanachama, RBA ya hapa, KBC, UBC, TBC, RTNB na wenzao. Ukumbi nao upo. BK Arena, iliyofunguliwa mwaka 2019 kule Remera ikiwa na nafasi ya watu 10,000, haiko mbali na Niboye, na Oktoba 2023 ilipokea tuzo za Trace zilizoleta wanamuziki kutoka bara zima.

Kinachokosekana ni wa kubeba gharama mwaka baada ya mwaka, na pia njia nyepesi ya kuvuka. Mchuuzi mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 ana utaratibu rahisi wa forodha: bidhaa ikiwa kwenye orodha, anajaziwa cheti cha asili palepale mpakani na kupita bila ushuru. Bendi haina cheti kama hicho. Ngoma, magitaa na spika huandikwa kama mali inayoingia kwa muda, huwekewa dhamana, na lazima irudi ilikotoka ikiwa kamili. Mwenye kampuni kubwa hulimaliza hilo kwa wakala wake. Kundi la vijana kumi kutoka Bugesera linaanza kuuliza nani analijua hilo.

Wanamuziki wenyewe hawakusubiri. Bruce Melodie, mshindi wa mwisho wa Guma Guma, alitoa wimbo wenye jina la Kiswahili, Funga Macho, na mwaka 2023 toleo lake jipya likatoka akiwa na Shaggy wa Jamaica. Hakupita kwa majaji wala kwa kura ya ujumbe mfupi. Lakini njia hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, kama ilivyo kwa mchuuzi mwenye mteja wake Kampala anayemwamini. Haisemi chochote kuhusu aliye nyuma yake.

Siku mashirika hayo yatakapokaa mezani, jambo la kwanza gumu litakuwa kura. Jumuiya sasa ina nchi nane, tangu Sudan Kusini ilipoingia mwaka 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024. Kongo peke yake inakadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni 100. Rwanda, kwa sensa ya 2022, ina milioni 13.2. Kichwa kwa kichwa, mchezo umekwisha kabla haujaanza. Itabidi iwe nchi kwa nchi, na itabidi iwe kama Ulaya: hakuna kujipigia. Burundi, iliyofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, italazimika kugawa alama zake zote kwa majirani. Rwanda na Kongo, zilizotia saini makubaliano ya amani Washington Juni 2025 baada ya mwaka mgumu, vilevile.

Mama anayevuka Petite Barrière asubuhi na beseni la nyanya, kutoka Gisenyi kwenda Goma, asingeweza kumpigia kura mwimbaji wa Rwanda. Mteja wake wa Goma asingeweza kumpigia wa Kongo. Na hapa Niboye, mwenye duka angelazimika kuacha kuhesabu katoni kwa dakika tatu, atazame ukutani, na kuamua ni jirani gani ameimba vizuri.